Jik, alginati na saa ya ukutani: kutakasa impresheni bila kuipotosha

Meno bandia yakigoma kukaa mdomoni, mtuhumiwa wa kwanza huwa dawa ya kutakasia impresheni, yaani chapa ya meno na fizi inayochukuliwa mdomoni: "Mliiloweka kwenye Jik, ndiyo maana imevimba." Mimi niko upande wa maabara, na kwa ninavyoiona kesi hii, mara nyingi Jik inasingiziwa. Kinachoharibu kazi ni muda.

Nianze na alginati, unga unaochanganywa na maji kuchukulia chapa hiyo, maana ndiyo tunayoitumia zaidi na ndiyo yenye nongwa. Sehemu kubwa yake ni maji. (Chanzo chake ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi, huu wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani ni wa jamii nyingine, hautoi alginati.) Ukiiacha mezani inapoteza maji na kusinyaa. Ukiizamisha inanyonya na kuvimba. Na iliyokwisha kusinyaa usijidanganye kuilowesha ikavimba tena: ukubwa unaweza kurudi, umbo halirudi.

Kwa hiyo impresheni ikitoka mdomoni tu, isuuze kwa maji ya bomba yanayotiririka mpaka ute na damu viishe. Hatua hii watu huipita mbio, wakati kwangu ni nzito kuliko dawa yenyewe. Klorini ikikuta damu humalizia nguvu hapohapo, na vijidudu vilivyojificha chini ya utando vinasalimika. Ute ukinata, nyunyiza unga kidogo wa plasta, pitisha brashi laini, suuza tena, kisha kung'uta maji.

Sasa dawa. Tunahitaji klorini ya asilimia 0.5. Jik ya asilimia 3.5 unachanganya kipimo kimoja kwa sita vya maji. Kama chupa imeandikwa asilimia 5, kimoja kwa tisa. Soma lebo kwanza, chupa hazifanani. Changanya mpya kila siku na uiweke mbali na dirisha, kwa sababu joto na mwanga huila klorini. Nyunyizia impresheni yote, mgongo wa trei iliyoibeba na mpini wake pia, itie kwenye mfuko wa plastiki, funga, hesabu dakika 10. Mfuko unazuia dawa isikauke kabla ya kufanya kazi, na alginati nayo isikauke. Dakika zikitimia, suuza vizuri: klorini iliyobaki huacha uso wa plasta ukiwa dhaifu, unachubuka kwa kucha. Baada ya hapo mimina plasta ndani yake ili upate modeli, yaani nakala ya meno. Siyo baada ya chakula cha mchana.

Kuna wanaosema kunyunyizia hakutoshi, kwamba dawa hujikusanya kwenye mashimo na kuruka kona. Wana hoja; kuzamisha hufika kila mahali. Lakini kwa alginati bado nachagua dawa ya kunyunyizia na mfuko, na anayezamisha asizidishe dakika 10. Kuna nyenzo nyingine za impresheni: silikoni ya adisheni haina shida hiyo, izamishe bila hofu kwa muda uliotajwa na mtengenezaji. Polieta hupenda maji, usiisahau ndooni. Trei za chuma nazo zisuuzwe mapema, klorini inazila.

Adui ninayemkuta mara nyingi zaidi ni shashi. Mtu anatakasa vizuri, halafu anaifunga impresheni kwa shashi iliyorowa chepechepe ili "isikauke" njiani. Pale shashi inapogusa, alginati inavimba. Pale isipogusa, inasinyaa. Nimewahi kumimina plasta nikakuta modeli ina mistari ya nyuzi juu ya magego. Ukitaka unyevu, weka shashi yenye maji kidogo ndani ya mfuko, isiiguse impresheni.

Haya yote siyo urembo. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa siku 7 au zaidi, na fundi anayekata plasta hamjui mgonjwa wala historia yake.

Ombi langu kwa wenzangu wa kliniki ni dogo: andikeni juu ya mfuko dawa mliyotumia, dakika ngapi, na saa impresheni ilipotoka mdomoni. Boksi likija kimya, maabara italazimika kutakasa upya, na alginati iliyopigwa dawa mara mbili sitaiwekea dhamana.