Kijana anayelala na viatu

Kijana mmoja wa miaka 16 aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mabomu ameshayazoea. Nikamuuliza usiku analalaje. Vizuri tu, akasema: viatu miguuni, kamba zimefungwa, kichwa kimeelekea mlangoni. Mama yake alikuwa ameshanitangulizia sifa: “Daktari, huyu jasiri, hata halii.”

Sisi wanasaikolojia tumelitumia neno ustahimilivu mpaka watu wanalisikia kama moyo wa chuma, huyu anao, yule hana. Sivyo. Anayestahimili huumia, tena sana, ila bado anakula, anajifunza, anagombana na wadogo zake. Anaweza kuota vibaya usiku kucha na asubuhi akaenda kuchota maji. Anayenitia wasiwasi ni yule aliyenyamaza huku kila mtu akimpigia makofi.

Kinachomshikilia kijana mara nyingi kiko nje yake. Katika Vita vya Pili vya Dunia, wataalamu wa saikolojia ya watoto Anna Freud na Dorothy Burlingham walilea watoto Hampstead, London, jiji likishambuliwa kutoka angani. Waliona kwamba kutenganishwa na mama kuliweza kumuumiza mtoto kuliko mabomu yenyewe, na kwamba aliyebaki na mama mtulivu aliyavumilia mabomu vizuri zaidi. Hao walikuwa wadogo, lakini kwa wakubwa mambo hayako mbali na hapo. Huko Sierra Leone, mtafiti Theresa Betancourt na wenzake walianza mwaka 2002 kuwafuatilia vijana waliokuwa wametumikishwa na makundi ya wapiganaji. Waliyoyapitia vitani yalikuwa na uzito, ndiyo, lakini mapokezi ya nyumbani nayo yalikuwa na uzito wake: aliyekubaliwa na familia na majirani alipata nafuu, aliyenyooshewa kidole alizidi kudidimia.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba mtu mmoja kati ya watano katika maeneo ya vita ana tatizo fulani la afya ya akili. Ni wengi mno. Lakini ina maana pia kwamba kumwona kila kijana wa vitani kuwa mgonjwa ni kosa.

Kwa hiyo usimkalishe ukamlazimisha asimulie alichokiona. Zamani hata sisi wataalamu tulifanya hivyo, tukidhani kutapika yote siku moja ni tiba, leo haishauriwi. Akitaka kusema, msikilize. Asipotaka, kaa naye tu. Mrudishie saa za kula na za kulala, masomo hata ya saa moja, na zaidi ya yote kazi yenye maana, maana kijana anayehitajika hupata sababu ya kuamka. Kama baada ya mwezi bado anarukaruka kwa kila kishindo, hataki kula, hapati usingizi, au wakati wowote akizungumzia kufa, hapo usisubiri. Mfikishe kwa mhudumu wa afya.

Mama yule aliniuliza kama amvue mwanawe viatu akishasinzia. Nikamwambia, “Viache, mama.” Usalama wenyewe ulikuwa bado haujarudi, tungemvua kwa ahadi gani? Badala yake kijana akapewa watoto sita wa kuwafundisha hesabu. Wiki kadhaa baadaye nilimuuliza tena kuhusu viatu. Akacheka, akasema bado anavivaa, ila kamba siku hizi hafungi, zinamchelewesha asubuhi akiwahi darasa lake.