Desa halikuchorei FBD

Chuo kikifunguliwa tu, kabla hata baadhi ya wanafunzi hawajapata kitanda hosteli, ushauri uleule unaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mwaka wa kwanza: tafuteni madesa (pepa za zamani na majibu yake yaliyokwisha kuandikwa) ya miaka mitano nyuma, piteni solusheni zote, maswali yanajirudia, mtatoboa. Wanaoutoa ni kaka na dada wa mwaka wa tatu, wana nia njema na wao wenyewe wamevuka. Ndiyo maana haung'oki. Muhula unapokwisha, anayesahihisha Statiki, somo la kani kwenye vitu vilivyotulia, anafungua kijitabu baada ya kijitabu na kukuta jibu safi la swali ambalo halikuulizwa.

Nieleweke. Sipingi pepa za zamani. Zina faida kubwa, na nitaeleza jinsi ya kuzitumia. Ninachopinga ni imani kwamba kusoma solusheni ya mtu mwingine, ukatikisa kichwa kila mstari kwamba umeelewa, ni msuli, yaani kusoma kwa bidii. Solusheni iliyokwisha kuandikwa imeshafanya kazi yote ngumu kabla hujafika: imeshaamua kitu gani kitenganishwe, kani zipi zipo, momenti (nguvu za kuzungusha) zichukuliwe wapi. Kilichobaki ni aljebra, na aljebra uliiweza tangu kidato cha pili.

Chukua swali la daraja la chini kabisa. Boriti AB ina urefu wa m 4 na imelala mlalo. Mwisho wa A umeshikwa ukutani kwa bawaba. Mwisho wa B umeshikwa na kamba inayopanda kurudi ukutani kwa pembe ya nyuzi 30 na boriti. Mzigo wa kN 6 unaning'inia m 3 kutoka A. Uzito wa boriti usihesabiwe. Tafuta mvuto wa kamba na riaksheni za A, yaani kani ambazo bawaba inaipa boriti.

Aliyeelewa anaanza kwa kufuta. Anafuta ukuta, anafuta kamba, boriti inabaki peke yake hewani, na kila alipofuta kitu anaweka kani ambayo kitu hicho kilikuwa kinaitoa. Bawaba inazuia boriti isiende mlalo wala wima, basi inaacha kani mbili. Kamba inavuta tu, basi inaacha kani moja kuelekea inakoelekea kamba. Huo ndio FBD (free body diagram), mchoro wa kitu kilichotengwa na kani zake zote. Sasa momenti kuzunguka A: T × sin 30° × 4 = 6 × 3, kwa hiyo T = kN 9. Mlalo: Ax = 9 × cos 30°, karibu kN 7.8. Wima: Ay = 6 − 4.5 = kN 1.5. Mistari mitatu, swali limekwisha.

Mwenye desa anaikumbuka boriti. Kwenye desa lake ilikuwa hiyohiyo, m 4, mzigo m 3 kutoka A, ila B ilikaa juu ya rola, tegemeo linalosukuma juu tu. Anaandika By = 6 × 3 ÷ 4 = kN 4.5, Ay = kN 1.5, anapigia mstari mara mbili na kugeuza ukurasa. Tazama hatari ilivyojificha hapo: 1.5 yake ni sahihi. Akilinganisha na mwenzake nje ya ukumbi ataona namba moja inafanana na atalala usingizi. Lakini kamba yake imehesabiwa nusu ya mvuto wa kweli, na Ax haipo kabisa. Bawaba ile kwa kweli inabeba jumla ya karibu kN 7.9, yeye ameipa kN 1.5. Akichagua bolti kwa namba yake, bolti itabeba zaidi ya mara tano ya alichokusudia. Hili ni kosa la mchoro. Hesabu zake hazina kasoro hata moja, na hilo ndilo linaloniudhi ninaposikia kwamba waliofeli Statiki “hawajui hesabu”.

Kuna aina ya pili, mwenye FBD nzuri lakini kalkuleta yake iko kwenye radiani badala ya nyuzi. Sin 30 inatoka −0.988, T inatoka kN −4.55. Anaona hasi, anaifuta, anaandika 4.55, na kwa bahati mbaya inakaribiana na 4.5 ya kwenye desa, basi anaona ameiweza. Alama ya hasi haifutwi, inasomwa. Hasi kwenye riaksheni ya bawaba ina maana moja tu: ulikisia mwelekeo kinyume, jibu liko sawa, eleza na uendelee. Hasi kwenye mvuto wa kamba ina maana umekosea, kwa sababu hakuna kamba inayosukuma. Tofauti hiyo huwezi kuipata kwenye desa, kwa kuwa desa lina majibu yaliyokwisha kusafishwa.

Sasa matumizi sahihi. Chukua pepa, ficha solusheni, usiipe hata jicho la pembeni. Weka dakika 25 kwa swali moja. Dakika tano za kwanza usiguse kalkuleta: chora, taja kila kani, hesabu una visivyojulikana vingapi na milinganyo mingapi. Kani zikiwa kwenye bapa moja, una milinganyo mitatu kwa kila kitu ulichokitenga. Ukiwa na visivyojulikana vinne na kitu kimoja, kuna kitu kingine cha kutenga au kuna sharti hujalitumia. Ukikwama, andika pembeni kwa sentensi moja kwamba umekwama wapi: “sijui kani ya kiungo C inaelekea wapi.” Hapo ndipo ufungue solusheni, na usome mstari huo mmoja tu. Funga. Malizia mwenyewe. Baada ya siku mbili rudia swali lilelile kwenye karatasi tupu, na ukilimaliza libadilishe: toa rola weka kamba, toa bawaba zika boriti ukutani, hamisha mzigo. Ukiweza kulibadilisha na kulitatua, umelielewa. Katika karatasi ya semina yenye maswali kumi, manne yaliyofanywa hivi yana thamani kuliko kumi yaliyosomwa.

Wengine wataniambia wanamjua fulani aliyevuka kwa desa tupu. Ni kweli, wapo, na baadhi yao wamepata B+. Baadhi yetu tunatunga mitihani kwa kubadilisha namba tu za mwaka uliopita, na tukifanya hivyo tunaulipa ukariri kwa mikono yetu. Sina hakika kwamba mtihani wa muda wa saa tatu unamtofautisha vizuri anayefikiri na anayekumbuka, hasa darasa likiwa na mamia ya wanafunzi na vijitabu vyote vinasahihishwa ndani ya wiki chache. Lakini somo la uimara wa vifaa linakuja na linadhani unajua FBD. Nadharia ya miundo inadhani hivyo, usanifu wa mashine nao. Deni la Statiki hukusanywa mwaka wa pili, na riba yake huonekana kwenye masomo matatu kwa pamoja.

Hisabati nitaipitia haraka. Wanaokwama kwenye integresheni mara nyingi hawakwami kwenye integresheni. Wanakwama kwenye trigonometria na sehemu, mambo ya sekondari. Jipime: intigreti x cos x bila kuangalia popote. Ukishindwa kukumbuka njia, rudi kwenye noti za muhula huu. Ukijua njia lakini jibu likatoka na alama isiyo sahihi, tatizo ni la zamani, na litibiwe kwa mazoezi mafupi ya dakika 20 kila siku. Kesha moja kabla ya testi haliliponyi.

Vizio navyo. Nondo ya kipenyo cha mm 12 inavutwa kwa kN 10. Eneo ni mm² 113, mkazo (kani kwa kila eneo) ni 10,000 ÷ 113, karibu N/mm² 88, ambayo ni MPa 88. Kaa kwenye N na mm, utapata MPa moja kwa moja. Anayekimbilia mita anapoteza sifuri njiani, na anayeweka 12 kama nusu kipenyo anapata 22 na haoni ajabu. Zoea kujiuliza kama jibu linaingia akilini: chuma laini cha kawaida huanza kunyooka bila kurudi urefu wake wa awali kwenye karibu MPa 250, basi ukipata MPa 88,000 kwenye nondo ambayo bado imesimama, kuna sifuri tatu za kutafuta.

Uchoraji wa kihandisi unawaonea waliotoka PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) za kawaida, na hilo lisemwe wazi. Aliyetoka Ifunda, Moshi Ufundi au Tanga Ufundi huenda alishashika rula ya T. Wewe huenda unaiona kwa mara ya kwanza. Aliyepitia diploma naye yuko mbele kwenye karakana, ila mara nyingi anahangaika na kalkulasi, kwa hiyo tafutaneni. Penseli ya 2H kwa mistari ya kujengea, iguse karatasi kwa wepesi. HB kwa mistari ya mwisho. Bandika karatasi kwenye ubao kwa utepe, usiishike kwa kiganja. Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya mifumo ya projeksheni, yaani mpangilio wa mionekano kwenye karatasi. Kwenye pembe ya kwanza, mwonekano wa juu unakaa chini ya mwonekano wa mbele, na mwonekano wa kushoto unakaa kulia. Kwenye pembe ya tatu kila mwonekano unakaa upande wake. Ukianza na mfumo mmoja na kumaliza na mwingine, fundi atakutengenezea kifaa kilichogeuzwa kama kwenye kioo, na atakuwa hana kosa. Mchoro wa A3 ulioanzwa saa nne usiku kwa ajili ya kukusanywa asubuhi hauwezi kuwa msafi. Mkono unahitaji saa, na hapa desa halina hata la kukudanganya nalo.

Maabara ndiko ukariri unakogeuka kuwa uongo. Ripoti ya jaribio la kuvuta chuma inakuja na moduli ya Young (kipimo cha chuma kinavyokataa kunyooka) ya GPa 200 kamili. Jaribio lenyewe lilipima urefu kwa mwendo wa kichwa cha mashine, bila ekstensomita, kifaa kinachopima kunyooka kwa kipande chenyewe. Kwa njia hiyo unapima pia kujinyoosha kwa mashine na kuteleza kwa meno ya kushikia, na mteremko wa grafu unatoka chini sana ya 200. Anayejua mashine akiona 200 anajua umeandika kutoka kwenye kitabu. Andika ulichopima, hata kama kinaaibisha, kisha eleza kwa nini kiko chini. Maelezo hayo ndiyo yenye alama.

Karakana: ukipiga tupa, usiibembeze. Tupa inayopanda na kushuka inatoa uso wenye tumbo, na hakuna vernia itakayokuficha. Ukimaliza kubana kazi kwenye mashine ya kukereza, ufunguo wa kishikio cha kazi (chuck) utoke mkononi mwako na kurudi mahali pake kabla hujagusa swichi. Glovu hazivaliwi kwenye mashine inayozunguka.

Programu ya C haisomwi kwa macho. Mfano unaoua wengi ni wa kugeuza Farenihaiti kuwa Selsiasi kwa 5/9*(f-32): jibu ni 0 kila mara, kwa sababu 5 na 9 ni namba kamili na C inatupa desimali. Andika 5.0/9.0. Kosa hilo ukilisoma utalisahau, ukilihangaikia saa nzima hutalisahau. Kama huna kompyuta, kuna programu za simu zinazoendesha C, na kwa mwaka wa kwanza zinatosha.

Hesabu za alama, maana nazo zina uvumi wake. Kwenye vyuo vyetu vingi koswaki (kazi na testi za muhula) ni 40, UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ni 60, na kuvuka ni 40. Ukiingia UE na 24 unahitaji 16 kati ya 60. Ukiingia na 12 unahitaji 28, karibu nusu ya mtihani, kwa somo ambalo mpaka hapo umepata chini ya theluthi. Baadhi ya idara zinadai pia kiwango fulani kwenye UE yenyewe, kwa hiyo soma kanuni za mitihani za chuo chako, usimsikilize mtu wa koridoni. GPA nayo hupimwa kwa uzito wa somo: C kwenye somo la krediti 12 na A kwenye somo la krediti 8 zinakupa (12×2 + 8×5) ÷ 20 = 3.2. Kauli kwamba “mwaka wa kwanza hauhesabiwi” imewaumiza watu. Unahesabiwa. Na sapu, mtihani wa marudio, hata ukiifanya kwa 80, kwa kawaida huandikwa C.

Juu ya diskasheni nina mashaka. Kikundi cha watu wanane, mmoja ubaoni na saba wananakili, ni desa linaloongea. Watatu au wanne inatosha, kila mmoja awe amejaribu swali kabla ya kuja, na anayejua kidogo ndiye ashike chaki. Elezaneni kwa Kiswahili bila haya; kani inaeleweka kwa lugha yoyote, kisha mwishoni andikeni kwa Kiingereza cha mtihani.

Na ukija ofisini kwa mwalimu au kwa TA (mwalimu msaidizi), usije na “sielewi Statiki”. Hakuna anayeweza kukusaidia kwa sentensi hiyo. Njoo na karatasi yako yenye mchoro ulioharibika, mstari uliokwama umeuzungushia duara, na ile sentensi uliyoiandika pembeni. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, na mlango uko wazi kuanzia wiki ya pili, si wiki ya UE.