Kigeuzi cha analogi-dijitali na betri inayoisha mapema

Sensa ya unyevu wa udongo hutoa volti inayopanda na kushuka taratibu. Chipu inaelewa namba tu. Kinachokaa katikati, kupokea volti na kutoa namba, ndicho kigeuzi cha analogi-dijitali. Kupunguza ulaji wake wa umeme ni kukifanya kitoe namba unayoihitaji kwa chaji ndogo zaidi, na kwa uzoefu wangu kukizima kunasaidia kuliko kukiboresha.

Ulaji huo unategemea kinavyopima. Kigeuzi cha kasi hulinganisha volti na ngazi zote kwa mpigo mmoja: kwa biti 8, yaani ngazi 256, kinataka vilinganishi 255 (saketi za kulinganisha volti mbili), vyote vikila umeme pamoja. Kile kilichomo kwenye chipu nyingi ndogo hupima kama muuza duka mwenye mizani ya mawe. Anaweka jiwe kubwa. Likizidi analitoa, lisipozidi analiacha, kisha anajaribu la nusu yake, na kuendelea. Biti 10, majaribio 10, kilinganishi kimoja. Mawe yenyewe ni kapasita, vijihifadhi vya chaji, na kila zikijazwa na kumwagwa umeme unakwenda. Ukizifanya ndogo mno, kelele ya joto, yaani mtikisiko mdogo wa volti unaoletwa na joto, inaharibu kipimo. Mahali kelele hiyo inapotawala, kila biti moja ya ziada inadai kapasita kubwa mara 4. Ndiyo maana biti 16 za kupimia udongo ni anasa.

Sasa tazama ATmega328P, chipu ya Arduino Uno, bodi ndogo ya kujifunzia elektroniki. Kipimo kimoja ni mipigo 13 ya saa ya kigeuzi. Kwa kilohezi 125 hiyo ni mikrosekunde 104. Ukipima kila dakika 10, kazi yenyewe haigusi betri. Tatizo ni kwamba ukiilaza chipu bila kuzima kigeuzi, chenyewe kinabaki macho. Chipu iliyolala fofofo kwa volti 1.8 hunywa kama mikroampea 0.1, kigeuzi kilichosahaulika kinaweza kuongeza kama 200. Kwa mikroampea 200 tu, betri ya kidonge CR2032 ya mAh (miliampea-saa) 220 haifikishi siku 46. Dawa ni mstari mmoja wa programu: futa biti ya ADEN, swichi ya kigeuzi, kwenye rejista ya ADCSRA (sehemu ya chipu inayoshika mipangilio yake) kabla ya kulala. Ukikiwasha tena, kipimo cha kwanza huchukua mipigo 25 badala ya 13. Si kitu.

Mwizi mwingine yuko nje ya chipu, na watu humlaumu kigeuzi bure. Rizista mbili za kiloomu 10 zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 3, ili chipu ijue chaji iliyobaki, zinavuja mikroampea 150 usiku na mchana. Zilishe kutoka pini ya chipu, uiwashe wakati wa kupima tu. Au weka rizista za megaomu 1, lakini hapo ongeza kapasita ya nanofaradi 100 kwenye pini ya kigeuzi, maana kigeuzi hiki kinataka chanzo chenye ukinzani usiozidi kiloomu 10. Bila kapasita hiyo namba zitakudanganya.