Mahindi, mkataba na safari ya kaskazini: yasemwayo na yaliyotokea Meksiko

Dhana: Wameksiko walivuka mpaka kwenda Marekani kwa tamaa ya dola tu. Hakuna aliyewafukuza kwao.

Ukweli: Tazama miaka yenyewe. Mwaka 1992 Meksiko ilibadili kifungu cha 27 cha katiba. Ardhi ya ejido, yaani mashamba ya kijiji waliyogawiwa wakulima baada ya mapinduzi yaliyoanza 1910, ikaruhusiwa kukodishwa na kuuzwa. Tarehe 1 Januari 1994 ukaanza NAFTA, mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada. Mahindi ya Marekani, yanayolimwa kwa mashine na kwa ruzuku ya serikali, yakamiminika. Mkulima wa Kitale au Songea anajua maana yake: unavuna, unafika sokoni, unakuta bei imeshaliwa na mzigo wa nje.

Mkataba ulikuwa umeweka miaka 15 ya kujiandaa. Mahindi yaliyozidi kiwango kilichokubaliwa yalipaswa kutozwa ushuru, lakini serikali ya Meksiko yenyewe ikaacha kuutoza. Hapa ndipo ninapoumia zaidi, maana hata kinga ndogo iliyokuwa imeandikwa mkulima alinyimwa. Mahindi ya kuagiza yakaongezeka zaidi ya mara tatu. Bei ya shambani, ukiondoa mfumuko wa bei, ikaanguka kwa zaidi ya nusu. Conasupo, shirika la serikali lililonunua mazao kwa bei ya uhakika, likafungwa 1999. Hadi 2002 kilimo kilikuwa kimepoteza ajira zipatazo milioni 1.3. Wazaliwa wa Meksiko waliokuwa wakiishi Marekani walikuwa milioni 4.3 mwaka 1990. Mwaka 2000 walifika milioni 9.2.

Dhana: Mahindi yakishuka bei, maskini wa mjini angalau anashiba.

Ukweli: Tortilla, chapati ya mahindi ambayo kwao ni kama ugali kwetu, ilipanda bei. Ruzuku na udhibiti wa bei yake viliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1990, na biashara ya unga ikabaki mikononi mwa kampuni chache. Januari 2007 maelfu ya watu waliandamana Mexico City kwa ajili ya chakula hicho.

Dhana: Uwekezaji wa nje huleta ajira, na mwenye ajira hahami. Rais Carlos Salinas de Gortari aliunadi mkataba kwa hoja hiyo hiyo.

Ukweli: Viwanda vilikuja kweli, vya nguo, televisheni na vipuri vya magari. Lakini vingi vilijengwa Tijuana na Ciudad Juárez, mpakani kabisa, wakati mashamba yaliyokuwa yakifa yako upande wa kusini, katika majimbo ya Oaxaca, Chiapas na Veracruz. Kijana wa kusini ilimbidi kwanza ahame ndipo aifikie ajira hiyo. Akishafika Tijuana, California anaiona kwa macho, na mshahara wa huko ni mara kadhaa ya wa kiwandani.

Tena si uwekezaji wote unaojenga kiwanda. Fedha nyingi za miaka hiyo zilikuwa za hati fungani na hisa. Desemba 1994 wenye fedha hizo waliingiwa na hofu, wakazitoa, na ndani ya miezi michache peso ikapoteza karibu nusu ya thamani yake. Mkulima hakuwahi kuziona fedha hizo zikiingia, ila riba na bei vilimkuta.

Dhana: Bila NAFTA asingehama mtu.

Ukweli: Hapana. Mpango wa Bracero ulipeleka vibarua Marekani tangu 1942 hadi 1964. Wala si kila mkulima aliyeumizwa na NAFTA: wakulima wakubwa wa nyanya na parachichi walinufaika nayo.

Dhana: Anayewatetea wahamiaji anataka watu wahame.

Ukweli: Frente Indígena de Organizaciones Binacionales, chama cha wazawa wa Oaxaca walioko pande zote mbili za mpaka, kinadai pia haki ya kutohama. Wanataka shamba lenye bei, shule na zahanati kijijini, ili anayepanda basi la kaskazini awe ameamua mwenyewe.