Kwa nini radi ya Kazuya haitoki

Mabanda ya gemu ya Ngamiani, hapa Tanga, yana wachezaji wa aina ya waja leo waondoka leo. Analipa nusu saa, anapigwa mechi nne za Tekken, gemu ya kupigana ngumi na mateke, anatangaza kwamba gemu ni mbovu, anarudi kwenye mpira. Simlaumu sana. Gemu ngumu haina haraka ya kujieleza. Utamu wake unaanza pale unapogundua kwamba ulichokiita bahati kina sababu, na sababu hiyo inashikika kwa mkono.

Chukua ngumi ya Kazuya, mmoja wa wapiganaji wa Tekken 7, ile inayotoka na radi. Amri yake ni fupi: mshale wa mbele, achia, chini, kisha chini-mbele (mishale miwili kwa mpigo) pamoja na pembetatu, kitufe cha padi ya PlayStation. Hilo neno "pamoja" ndilo linalotesa watu. Gemu inakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, na chini-mbele na pembetatu lazima viingie kwenye fremu ileile moja, yaani takriban milisekunde 17. Ukikosa, ngumi inatoka vilevile, ila bila radi, na mpinzani akiikinga anakuadhibu. Ikitoka na radi, hata akikinga, zamu inabaki yako. Kwa tofauti hiyo tu, watu wanakesha.

Kosa kubwa ninaloliona ni kurudia mara mia tatu bila kuangalia. Ingia kwenye mazoezi, washa onyesho la vitufe, linaloandika kila unachobonyeza, kisha soma mistari inavyopanda. Ukiona chini-mbele imekaa peke yake na pembetatu imekuja mstari unaofuata, kidole cha kulia kimechelewa. Ukiona pembetatu imeshikana na chini tupu, kimewahi. Na kama ile alama ya kuachia haipo kati ya mbele na chini, dole gumba la kushoto limeteleza juu ya vitufe badala ya kunyanyuka. Haya ni magonjwa matatu na kila moja lina dawa yake. Aliyechelewa akiongeza kasi ya mikono yote miwili atabaki na kosa lilelile, ila la haraka zaidi. Aguse mkono wa kulia tu, wa kushoto auache ulivyo.

Lenga 10 mfululizo ukiwa upande wa kushoto wa skrini, ndipo uhamie kulia, maana huko mishale inageuka na mkono unaanza upya kama mtoto. Dakika 20 zinatosha. Dole likichoka linaanza kujifunza makosa. Kesho yake usishangae ikitoka vizuri kuliko ulivyoiacha; ubongo unaendelea kupanga mambo ya mikono usingizini.

Kabla hujajilaumu, pima padi. Hewa ya bahari hapa Tanga haina huruma na vyuma, na padi za banda zimeshikwa na mikono ya kila aina. Bonyeza chini-mbele taratibu mara 20 ukiangalia onyesho. Ikiruka hata mara mbili, raba ya ndani imechoka au pana uchafu. Pamba yenye spiriti kidogo mara nyingi inamaliza kazi. TV nayo iwekwe kwenye hali ya gemu, la sivyo picha inachelewa. Kuchelewa huko hakuharibu radi ya Kazuya, kwa kuwa unaipiga kwa mazoea ya mkono. Kunaharibu kukinga mateke ya chini, ambayo unayangoja kwa jicho.

Elden Ring ya mwaka 2022 inataka kitu kingine kabisa. Margit, bosi (adui mkubwa) wa mwanzo anayewakwamisha wengi, ananyanyua fimbo, anaituliza hewani, halafu ndipo anapiga. Mgeni anabingirika kukwepa fimbo inaponyanyuka, anamaliza kubingirika, anasimama, na pigo linamkuta hapohapo. Ngoja mkono uanze kushuka, ndipo ubingirike, tena kuelekea kwake, pembeni ya mwili wake. Ukirudi nyuma unabaki ndani ya urefu wa fimbo. Angalia na uzito wa vifaa: ukifika asilimia 70 ya uwezo wako, kubingirika kunakuwa kuzito, na hapo hata ukipatia wakati unaweza kupigwa. Vua kofia ya chuma, bwana. Ulinzi inaoongeza ni mdogo kuliko unachopoteza.

Zipo pia ngumu zenye huruma ya siri. Celeste, gemu ya kuruka na kupanda mlima ya mwaka 2018, inakuruhusu kuruka hata sekunde 0.1 baada ya mguu kutoka ukingoni, na haikuambii. Ukifa unarudi papo hapo, kwa hiyo kosa bado liko kidoleni unapojaribu tena.

Kwa gemu yoyote, ukifa taja kwa sauti kilichokuua kabla ya kubonyeza tena: "Nimebingirika mapema." "Nimeishiwa pumzi." Ukishindwa kukitaja mara tatu mfululizo, ama kamera imekificha, na hapo lawama ni za waliotengeneza, ama umechoka. Ikiwa ni kuchoka, mwachie padi anayesubiri kwenye benchi, uangalie mikono yake.