Gemu la Cthulhu na Maneno ya Kijiweni

Waambie watu wa nyumbani kwamba kila Ijumaa usiku unavaa hedifoni na kuongea mpaka saa sita na watu usiowahi kuonana nao, habari yenyewe ikiwa ni kitu kinacholala chini ya bahari kikisubiri nyota zikae sawa. Shangazi atauliza kwa upole umejiunga na nini. Kijiweni Sinza hawaulizi, wao wameshajua: freemason. Sisi tunaocheza Call of Cthulhu, gemu la kusimuliana hadithi za kutisha, hapa Dar es Salaam si wengi, na maneno tunayoambiwa ni yaleyale. Mengine yanachekesha. Mengine yanamnyima mtu hadithi nzuri bure.

Dhana: Mnaita majini

Shangazi hajavumbua kitu. Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa, ulitoka Marekani mwaka 1974. Miaka ya 1980 wazazi na wahubiri wa hukohuko walidai unawafundisha watoto uchawi, na mwaka 1983 kikaundwa hata chama cha kuupiga vita. Mchezo wenyewe ni hadithi inayosimuliwa na watu kadhaa kwa pamoja. Mmoja ndiye mwendeshaji, anaeleza mko wapi na mnaona nini. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu inaamua. Hakuna ubani wala jina la kutamkwa mara tatu.

Na kile kitabu cha uchawi kiitwacho Necronomicon, ambacho watu huapa kwamba kipo kimefichwa mahali, kilitungwa na H. P. Lovecraft wa Providence, Marekani, aliyeishi 1890 hadi 1937, mwandishi wa hadithi ambazo gemu letu limetoka humo. Alikitungia mwandishi Mwarabu, na mwaka 1927 akakiandikia hata historia ya uongo. Wasomaji wakakiamini. Mwaka 1977 mtu akachapisha New York kitabu chenye jina hilo na kukiuza kama cha kweli, ndiyo maana ubishi hauishi. Lovecraft mwenyewe hakuamini Mungu, jini wala mzimu. Alipenda falaki, na akiwa bado kijana mdogo alikuwa akiandika habari za nyota kwenye magazeti ya kwao. Hofu yake ilitoka huko: anga ni kubwa mno, na sisi hatuna uzito wowote ndani yake.

Dhana: Ni hadithi za mashetani, na sisi tunazo tele

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo watu wa pwani tunapojikwaa kuliko wengine, kwa sababu tumelelewa na viumbe wanaotujua. Jini ana jina na kabila lake, na anataka kitu: udi, ngoma, damu ya kuku. Mzimu ukikasirika, umekasirishwa na mtu aliyesahau kuutambikia. Hata popobawa, aliyewalaza watu nje Unguja na Pemba mwaka 1995, ilisemekana akimtaka aliyempata akawaambie wengine, la sivyo atarudi. Wote hao wanamweka binadamu katikati. Wanakuona na wana shida na wewe, kwa hiyo kuna namna ya kuyamaliza.

Kitisho cha kiulimwengu, ndiyo hofu ya hadithi za Lovecraft, kinaondoa hilo. Cthulhu, yule anayelala chini ya bahari, hana ugomvi na wewe, na hana habari kama upo. Hadithi ninayoipenda kuliko zote za Lovecraft ni ile ya mwaka 1927, The Colour Out of Space. Kimondo kinaanguka kwenye shamba la familia moja. Ndani yake mna rangi isiyo katika rangi zozote tuzijuazo. Matunda yanazaa makubwa na kung'aa, ukiyaonja ni machungu. Mifugo inapukutika, watu nao wanafuata. Familia haikumkosea yeyote wala haikuvunja mwiko. Msomaji anamaliza bila kujua kile kitu kilitaka nini, au kama kilitaka chochote. Mganga utamwita aje kuzungumza na nani?

Mfano wa kinyume chake tunao wenyewe. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Mohammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, maiti inaonekana kwenye mzimu na watu wako tayari kuamini mambo ya mizimu. Bwana Msa, mpelelezi, anakuja na kiko chake, anauliza, anapima, na mwishowe tunajua ni mkono wa mwanadamu. Akili imeshinda. Wengi wetu tunaingia kwenye gemu na Bwana Msa kichwani, na gemu linatupokea vizuri kabisa: wahusika wanaitwa wapelelezi, kuna barua za kusoma, mashahidi wa kuhoji, nyumba za kupekua. Kisha kila unachokigundua kinakupunguzia ardhi ya kusimamia.

Dhana: Soma vitabu vyote kwanza

Nasema bila kupepesa macho: anza na gemu. Sentensi za Lovecraft ni ndefu, zimejaa vivumishi, na msomaji wa hapa anaweza kuchoka kabla hajaogopa. Sandy Petersen, aliyelibuni gemu hili kwa kampuni ya Chaosium mwaka 1981, aliyaweka mawazo yale ndani ya kanuni, yakawa yanakupata bila kuhubiriwa.

Mhusika wako ana alama za utimamu wa akili. Akiona jambo lisilofaa kuonwa, unarusha dadu za kufika mia. Zikizidi alama ulizo nazo, utimamu unapungua. Hilo ni la kawaida. Tamu ni kwamba kuna ujuzi wa kuzijua siri za viumbe hawa, na kiwango cha juu cha utimamu ni 99 ukitoa ujuzi huo. Ukifikisha 20 kwenye siri, maisha yako yote hutavuka 79. Unajua zaidi, unapungua. Na katika toleo la saba la kanuni, ukipoteza alama tano au zaidi kwa mpigo, unarusha dadu ya akili. Ukishindwa, umepona, maana mhusika hakuelewa alichokiona. Ukifaulu, umeelewa, na kichwa kinaruka. Sijui gemu jingine linalomwadhibu mtu kwa kuwa mwerevu, na meza nzima hunyamaza mgeni anapoligundua hilo kwa mara ya kwanza.

Ukishacheza hivyo, hadithi zenyewe zinasomeka. Zinapatikana bure mtandaoni, na wala huna haja ya kubaki kwa Lovecraft. Algernon Blackwood aliandika The Willows mwaka 1907, watu wawili kisiwani katikati ya mto Danube, na naiona imemzidi.

Dhana: Shinda kwa kumuua zimwi

Ukimwona Cthulhu mwenyewe na dadu ikakukataa, unaweza kupoteza hadi alama 100. Mwenye nyingi kuliko wote ana 99. Bunduki weka chini. Kushinda hapa ni kuichelewesha hatari, kumtoa mtoto ndani ya nyumba, kuchoma karatasi fulani kabla hazijasomwa.

Dhana: Ni mambo ya watoto wa Masaki

Chaosium wanatoa kanuni fupi za kuanzia bure kwenye tovuti yao, pamoja na hadithi ya kwanza ya kucheza, The Haunting. Roll20, meza ya kuchezea mtandaoni, inafunguka kwenye kivinjari na ina akaunti ya bure. Discord, ya kuongelea, ipo kwenye simu. Tukizima kamera, bando linadumu. Mtandao usiposhika kabisa, kuna wanaocheza kwa kuandikiana, mtu anajibu akiwa kwenye foleni ya Mwenge.

Kikwazo cha kweli ni saa. Meza ya Wamarekani inayoanza saa mbili usiku New York ni saa tisa usiku kwetu, na wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa kumi alfajiri. Meza za Uingereza zina huruma zaidi. Lugha si tatizo kubwa kama wanavyosema, maana Kiingereza chako cha kuombea kazi kinatosha kusema "nafungua mlango". Ila mkipatana watu wa hapahapa, chezeni kwa Kiswahili.

Wapo wanaosema mtandaoni hofu haipo, lazima mkae meza moja na mshumaa. Hawajawahi kumsikiliza mwendeshaji aliyenyamaza katikati ya sentensi, watu wamebana pumzi, hakuna ajuaye kama ndiyo hadithi au umeme umekatika kwake Mbagala.

Dhana: Lovecraft alikuwa mbaguzi, Mwafrika hana la kutafuta humo

Nusu ya kwanza ni kweli, wala tusiipake rangi. Barua zake na baadhi ya hadithi zake zimejaa dharau kwa Weusi na wahamiaji. Nnedi Okorafor, mwandishi wa Kimarekani mwenye asili ya Nigeria, alishinda tuzo ya World Fantasy mwaka 2011, akajikuta amepewa sanamu ya kichwa cha mtu huyo. Aliandika wazi jinsi lilivyomkera, mjadala ukakua, na mwaka 2015 waandaaji wakatangaza kuiacha sanamu hiyo. Waandishi Weusi hawakuhama uwanja, waliuchukua. Victor LaValle aliigeuza hadithi mojawapo yenye chuki zaidi na kuisimulia upya kutoka Harlem, katika The Ballad of Black Tom ya mwaka 2016.

Kwenye gemu ni rahisi zaidi, kwa kuwa wahusika unawachagua wewe. Masks of Nyarlathotep, mfululizo mashuhuri wa hadithi za kucheza wa mwaka 1984, unawapitisha wapelelezi Kenya ya mwaka 1925, na mwendeshaji wa hapa ana mengi ya kurekebisha akifika Nairobi na Mombasa.

Sisi tulihamia Tendaguru, kule Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria wa miaka milioni 150 hivi, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini ipelekwe Berlin. Vita vya Majimaji vilikuwa vimemalizika juzi tu, mwaka 1907. Wapelelezi wetu ni vibarua wa machimbo, wanaoanza kuona kwamba shimo mojawapo lina mifupa isiyolingana na mingine. Kanuni zilitukwamisha mahali pamoja tu: ujuzi mmoja unaotegemewa sana katika gemu hili ni kutumia maktaba, na Tendaguru ya 1909 haina maktaba. Tukaufuta, tukaandika kuuliza wazee, kwa asilimia zilezile. Mzee akikataa kujibu, unaruhusiwa kurudia mara moja, na kurudia huko kuna gharama yake.