Homa ya nguruwe ya Afrika: namba ya jenotaipu si kipimo cha ukali

Nguruwe wakianza kufa kwa homa hii Busia, Teso au Kakamega, siku hizi swali la kwanza huwa "Daktari, hii ni namba ngapi?", yaani jenotaipu, kundi la kinasaba la kirusi. Tuanzie hapo, maana swali hilo linawachelewesha watu, kisha tujibu madai mengine tunayoyasikia kwa wafugaji.

"Yetu ni namba 9, ya kienyeji, si kali kama namba 2 ya Uchina."

Namba haipimi ukali hata kidogo. Hutokana na kusoma kipande kifupi cha jeni ya B646L, inayotengeneza protini p72 ya ganda la kirusi. Ni jina la ukoo tu, na jina la ukoo halisemi nani mkorofi. Jenotaipu ya 1 ndiyo iliyofyeka nguruwe Ureno mwaka 1957. OURT88/3, kirusi kilichopatikana kwenye papasi Ureno hiyohiyo, nacho ni cha jenotaipu ya 1 lakini hakiui. Ukali hutegemea jeni nyingine, zikiwemo za familia ya jeni iitwayo MGF, ambazo p72 haizioneshi. Tena, orodha yenyewe yenye jenotaipu 24 ina ubishi: uchambuzi wa 2023 ulisoma p72 nzima ukapata makundi 6 tu.

Namba inafaa kufuatilia kirusi kimetoka wapi. Hata hapo haitoshi: jenotaipu ya 9 imeenea Kenya na Uganda, kwa hiyo mlipuko wa Busia na wa Kisumu huweza kufanana kabisa kwenye p72. Kuitenganisha, maabara husoma vipande vinavyojirudia ndani ya jeni nyingine, B602L.

Kwa hiyo usingoje namba. Ripoti kwa daktari wa mifugo wa wadi siku hiyohiyo. Yeye atachukua damu kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau (isigandishwe, ikiganda barafu inaharibika), na kwa mzoga, wengu na tezi za limfu, vyote kwenye kibaridi chenye barafu. PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi, itajibu ndiyo au hapana, na hilo linatosha kufunga boma. Kinachoeneza ugonjwa huku ni dume la kuazimana na nguruwe mgonjwa anayeuzwa kwa mchinjaji haraka haraka kabla hajafa. Namba haibadilishi lolote kati ya hayo.

"Piga sindano ya OTC." Hiyo ni oksitetrasaiklini, antibiotiki, na antibiotiki haiui kirusi. Basi.

"Kuna chanjo ya Vietnam." Ipo, imetengenezwa kutokana na jenotaipu ya 2. Usiitegemee dhidi ya ya 9. Ile ya kolera ya nguruwe nayo ni ya kirusi kingine kabisa, cha RNA; hiki ni cha DNA.

"Nyama yake inaambukiza watu." Haiambukizi. Inaambukiza nguruwe, kupitia makombo ya hotelini. Ukilazimika kuwalisha makombo, yapikwe kwa nyuzi 90 dakika 60 huku ukikoroga.

"Nimemwaga dawa, nimemaliza." Juu ya mavi? Kwangua kwanza, osha kwa sabuni, ndipo upake kostiki soda gramu 8 kwa kila lita ya maji, ikae dakika 30. Vaa glavu na gambuti.